Picha za Ubao na Watu wa Njiani: Tokaido Ikitazamwa kutoka Mai Mahiu

Msafiri atokaye Nairobi kwa njia ya chini, akishapita Rironi na kuanza kuteremka ukuta wa Bonde la Ufa, hufunuliwa kwa mara moja mambo ambayo mchoraji wa mandhari angeyatafuta siku nyingi asiyapate pamoja: Longonot umesimama mbele yake peke yake, mlima wa mita 2,776 wenye kinywa kipana kilichomeguka, Suswa uko upande wa kusini, uwanda wa Kedong umetandaa baina ya milima hiyo, na chini kabisa, mteremko unapokoma, uko mji wa Mai Mahiu, ambao haukuzaliwa na mgodi wala bandari wala makao ya mtawala, bali umezaliwa na njia. Hapo malori yaendayo Uganda, Rwanda na Kongo hupumzisha breki zake, hapo barabara ya Narok huchepuka kuelekea Maasai Mara, na hapo watu wengi hujipatia riziki kwa mwendo wa wengine: mama wa mahindi ya kuchoma, kijana auzaye ngozi za kondoo ukingoni mwa genge, fundi wa magurudumu, mwenye hoteli ya chai na chapati, na mchungaji wa punda avutaye mkokoteni wa madumu ya maji. Mahali penye uhai kiasi hiki, palipopitwa na misafara ya wapagazi, na reli, na mateka wa vita, na magari ya mataifa mengi, ni nadra mno kuiona taswira yake imetundikwa ukutani mwa nyumba ya mtu wa kawaida. Nami nadhani sababu ya upungufu huo yaweza kueleweka vema zaidi kwa kuitazama nchi ya mbali ambako njia kama hii ilipata bahati ya kuchorwa kituo baada ya kituo, mto baada ya mto, hata hamali wake tunawajua leo kwa misuli ya migongo yao.

Nchi hiyo ni Japani, na njia hiyo ni Tokaido, iliyounganisha Edo, mji uitwao leo Tokyo, na Kyoto alikokaa mfalme, kwa mwendo wa kilomita zipatazo 490 kandokando ya bahari. Baina ya miji hiyo miwili palikuwa na vituo 53, na kila kituo kilikuwa na nyumba za wageni, mazizi ya farasi, wapagazi na mabanda ya chakula. Tangu 1635 watawala wa majimbo walikuwa wamelazimishwa na serikali ya ukoo wa Tokugawa kukaa Edo kwa zamu na kurudi makwao kwa zamu, wakiwaacha wake na watoto wao mjini kama dhamana, na kwa hiyo njia hazikukosa misafara mikubwa ya mabwana na maaskari, ambayo nyuma yake walifuata wafanya biashara, mahujaji, matarishi, wacheza ngoma na maskini wa Mungu. Amri iliyotungwa kwa ajili ya siasa ikawa chemchemi ya riziki kwa watu waliokuwa hawana habari yoyote ya siasa.

Katika Edo hiyo alizaliwa Hiroshige mwaka 1797, mtoto wa ofisa mdogo wa kikosi cha kuzima moto. Mwaka 1809 alifiwa na wazazi wake wote wawili, akarithi kazi ya babaye angali mtoto, na kwa kuwa ujira wake ulikuwa mdogo na mioto haikuwaka kila siku, akajifunza kuchora kwa Utagawa Toyohiro. Kwa miaka mingi hakujulikana sana. Kisha, mnamo 1833 na 1834, mchapishaji aitwaye Takenouchi Magohachi, mwenye duka la Hoeido, alitoa mfululizo wa picha 55 za Tokaido zilizochorwa na mkono wa Hiroshige: moja kwa kila kituo, na mbili za mwanzo na mwisho wa safari. Zilinunuliwa kwa wingi mno, hata mchoraji akairudia njia hiyo katika mifululizo mingine mingi hadi kufa kwake mwaka 1858, mwaka wa tauni ya kipindupindu mjini Edo.

Inafaa tuzitazame baadhi ya karatasi hizo, kwani bila ya kuzitazama maneno yetu yatakuwa sifa tupu. Ya kwanza yaonyesha daraja la Nihonbashi alfajiri: msafara wa bwana mkubwa unapanda daraja na mikuki yake juu, lakini walio mbele kabisa, karibu na macho ya mtazamaji, ni wachuuzi wa samaki na matenga yao, wakijitenga pembeni wasikanyagwe. Katika kituo cha Mariko wasafiri wawili wamekaa kwenye banda la nyasi wakila, na mwanamke mwenye mtoto mgongoni anawaandalia. Hakuna tendo lolote kubwa, hakuna shujaa wala mzimu, ila njaa ya njiani na chakula kinachojulikana cha mahali pale. Katika Shono mvua kali inawashukia wachukuzi wa machela wanaokimbia kupanda mlima, na nyuma yao mianzi imeinamishwa na upepo tabaka juu ya tabaka, kila tabaka ikiwa na weusi uliofifia kuliko wa mbele. Na katika Goyu, picha niipendayo kuliko zote, wanawake wa nyumba za wageni wanawavuta wasafiri kwa nguvu waingie kulala kwao, msafiri mmoja amekabwa shingoni kwa fundo la mzigo wake mwenyewe, ilhali ndani ya nyumba mgeni aliyekwisha kusalimu amri anaoshwa miguu. Yeyote aliyewahi kushuka garini penye kituo cha njia kuu ya Kenya, akazungukwa na wauzaji watano kila mmoja akimsukumia bidhaa yake dirishani, atawatambua wanawake wa Goyu kama jamaa zake.

Katika picha hiyohiyo ya Goyu kuna jambo la heshima ambalo halifai kupitwa. Kwenye vibao vilivyotundikwa ndani ya nyumba ya wageni yameandikwa jina la mchapishaji, na jina la mchongaji, Jirobei, na jina la mpiga chapa, Heibei. Kwa kawaida majina ya mafundi hao hayakuandikwa. Mchoraji na mchapishaji ndio waliojulikana. Hapa wote wamekaribishwa chini ya dari moja, nasi tunaambiwa kwa uwazi kwamba taswira hii haikuwa kazi ya mkono mmoja.

Na kweli haikuwa. Mchapishaji ndiye aliyetoa mtaji, akachagua jambo la kuchorwa, akampa kazi mchoraji. Mchoraji alichora mistari kwa wino mweusi juu ya karatasi nyembamba, ambayo kwanza ilipelekwa kwa wakaguzi ili ipate muhuri wa idhini, maana serikali haikuacha picha zitoke ovyo. Mchongaji aliigandisha karatasi hiyo kifudifudi juu ya ubao wa mcheri wa mlimani, mti mgumu wenye nyuzi zilizoshikana, akachonga kwa kisu akifuata nyuzi za mti, akiuondoa ubao wote isipokuwa mistari, hata unywele wa mwanamke ukabaki umesimama kama ukuta mwembamba. Na mchoro wa asili ukaharibika kabisa katika kazi hiyo. Kisha kila rangi ilihitaji ubao wake. Ili rangi zisipishane, kila ubao ulichongwa alama mbili pembeni, moja ya kona na moja ya mstari, na mpiga chapa aliiweka karatasi yake dhidi ya alama hizo kila mara. Yeye hakutumia mashine: alipaka rangi ubaoni kwa brashi, akalaza karatasi ya magamba ya mforosadi iliyotiwa unyevu, akaisugua mgongoni kwa kisugulio cha mviringo kilichofunikwa ganda la mwanzi. Ule wekundu wa jioni unaofifia kuelekea juu, na ule ubuluu wa mto unaokolea kando na kupauka katikati, haukuchongwa. Ulifanywa na mkono wa mpiga chapa kwa kuifuta rangi ubaoni kidogo kidogo, karatasi moja baada ya nyingine, kwa mamia na pengine maelfu.

Ufundi wa rangi nyingi namna hiyo ulikuwa umekamilika mjini Edo mwaka 1765, zama za Suzuki Harunobu, lakini wakati huo wachoraji walishughulika zaidi na wanawake wazuri na waigizaji wa michezo. Mto na njia vilikuwa mapambo ya nyuma. Kilichoyaleta mandhari mbele, pamoja na shauku ya watu ya kusafiri, ni bidhaa iliyotoka ng'ambo: rangi ya buluu iliyovumbuliwa Berlin mwanzoni mwa karne ya 18, ambayo mnamo 1829 ilianza kuingia Japani kwa wingi na kwa bei nafuu. Rangi za zamani za buluu, zilizotokana na maua na majani, ama zilififia juani ama hazikukubali kufutwa taratibu. Hii mpya ilikuwa na nguvu na utii. Hokusai, aliyezaliwa 1760, aliitumia katika picha zake za mlima Fuji zilizoanza kutoka mnamo 1830, na Hiroshige akaitumia kwa mito na anga za Tokaido. Madhali maji sasa yaliweza kupakwa rangi ipasavyo, mito ikawa na sababu ya kuingia katika picha.

Na mto mkubwa kuliko yote katika njia hiyo kwa habari ya binadamu ulikuwa Oi, baina ya kituo cha Shimada na kituo cha Kanaya. Mto huo haukuwa na daraja wala mashua, kwa amri ya serikali, iliyoogopa majeshi ya maadui na kujua pia ukali wa maji yenyewe. Aliyetaka kuvuka sharti avushwe na watu. Alikwenda kwanza katika ofisi ya mto, ambako kina cha maji kilipimwa kila siku, na bei ikatangazwa kwa kadiri maji yanavyomfika hamali mwilini: yakimfika mapajani cheti kimoja kiliuzwa senti 48 za shaba za zama zile, na yakimfika makwapani kikauzwa 94. Kwa cheti kimoja msafiri alipanda mabegani mwa mtu mmoja. Mwenye fedha alinunua vyeti vingi akakalishwa juu ya jukwaa la mbao lililobebwa na hamali wanne au zaidi. Maji yakipita kina cha mita moja na sehemu ya tatu hivi, mto ulifungwa kwa wote, na bwana mwenye maaskari mia mbili akangoja katika nyumba ya wageni sawasawa na muuza sindano. Nazo siku hizo za kungoja zilikuwa neema kwa Shimada na Kanaya.

Hiroshige aliuchora mto huo katika karatasi mbili, akiwa amesimama, kwa kusema hivyo, juu angani. Msafara wa bwana umetawanyika kwenye mchanga na majini kama nukta, masanduku yametwikwa vichwani, majukwaa yanayumba, na hamali walio uchi isipokuwa ubinda wamezama hadi kiunoni. Mtazamaji hawezi kusema ni yupi bwana. Sidhani kwamba mchoraji alikusudia uasi wowote, kwa maana alikuwa mtumishi wa serikali na mtoto wa mtumishi. Ila mto wenyewe ndivyo unavyofanya, na yeye alikuwa mkweli.

Basi turudi Kedong. Uwanda huu ulio mbele ya Mai Mahiu nao ulikuwa na njia na wapagazi kabla haujawa na barabara. Wafanya biashara wa pwani, hasa wa Mombasa na Pangani, walipeleka misafara yao hadi Naivasha na Baringo kutafuta pembe za ndovu, na mashuhuri miongoni mwao alikuwa Jumbe Kimameta wa Pangani, ambaye Mskoti Joseph Thomson aliuandama msafara wake mwaka 1883 alipopita nchi ya Wamaasai. Watu waliobeba shanga, nyaya na nguo katika safari hizo walitembea kwa miezi, kila mtu na mzigo wake kichwani au begani, wakateremka genge hilihili ambalo leo madereva hulishuka kwa gia ndogo. Mwezi wa Novemba 1895 msafara mkubwa wa wapagazi Wakikuyu na Waswahili, ukirejea kutoka Eldama Ravine, uligombana na Wamaasai katika bonde la Kedong. Baadhi ya watu wa msafara walikuwa wamewatendea wenyeji uchokozi mbaya, na Wamaasai wakawaangukia wakaua mamia yao. Mfanya biashara mmoja aitwaye Andrew Dick alitaka kulipiza kisasi kwa bunduki yake, naye akauawa. Uchunguzi wa serikali ulibainisha kwamba msafara ndio ulioanza ubaya. Jina la Dick limehifadhiwa katika vitabu. Majina ya wale wapagazi hayakuhifadhiwa, sembuse sura zao.

Wala si kweli kwamba hapakuwa na picha. Kitabu cha Thomson kilitoka London mwaka 1885 kikiwa na michoro ndani yake, na michoro ya namna hiyo katika vitabu vya zama zile ilichongwa katika ubao, kutokana na picha na michoro iliyoletwa kutoka safarini. Kwa hiyo katika miaka ileile ambayo ubao wa mcheri wa Edo ulikuwa ukielekea machweo yake, Bonde la Ufa lilikuwa likichongwa katika ubao mjini London! Ufundi ulitofautiana: Mwingereza alichonga ubao mgumu uliokatwa kuvuka nyuzi za mti, kwa ncha ya chuma badala ya kisu, akapata mistari myembamba sana ya kuigiza kivuli na nuru, na ubao ukachapwa kwa mashine pamoja na herufi. Lakini tofauti iliyo kubwa kuliko hiyo haikuwa ya chombo. Picha za London zilinunuliwa na watu wa London, na mtu wa London alitaka kuwaona simba, shujaa mwenye mkuki, volkano na mzungu aliyefika kwa mara ya kwanza. Mpagazi aliingia katika picha kwa kadiri alivyohitajika kubeba mizigo ya mzungu huyo. Karatasi ya Hiroshige iliuzwa kwa bei ya bakuli la tambi au zaidi kidogo, na aliyeinunua alikuwa msafiri mwenyewe, au seremala, au mke wa muuza mafuta, au mwenye hoteli ya Mariko. Nauli ya kuvushwa mto Oi kwa mabega ya mtu mmoja, maji yakiwa mapajani, ilikaribia bei ya karatasi mbili au tatu. Mnunuzi alitaka kujiona, na mchapishaji, ambaye alikuwa mfanya biashara wala si mfadhili wa maskini, akamtimizia haja yake. Hapo ndipo naiona sababu ya Tokaido kuchorwa na Kedong kutochorwa: uzuri wa mahali peke yake hautoshi kulizaa jambo kama hili, wala ustadi wa mkono hautoshi, ikiwa mtu wa njiani hana nafasi ya kuwa mnunuzi wa sura yake mwenyewe.

Baada ya misafara ikaja reli. Njia ya garimoshi iliyoanza Mombasa mwaka 1896 ilifika Nairobi mwaka 1899, na mafundi walipofika ukingoni mwa Bonde la Ufa hawakungoja madaraja makubwa yamalizike. Walitengeneza njia ya muda ya kuteremshia mabehewa kwa kamba za chuma moja kwa moja ukutani, ikatumika hata 1901, mwaka ambao reli ilifika ziwani. Kisha, katika Vita Kuu ya pili, Waitaliano waliotekwa Ethiopia na Somalia mwaka 1941 waliletwa Kenya, na baadhi yao wakatiwa kazi ya kuitengeneza barabara ya genge hili. Mwaka 1942 mateka hao walijenga kando ya barabara, karibu na mwisho wa mteremko, kanisa dogo sana la mawe, ambalo watu wachache tu waweza kuketi ndani yake, nalo lingali lipo, na madereva husimama hapo. Nalitaja kwa sababu kati ya vyote vilivyojengwa au kuandikwa juu ya njia hii, hicho ndicho kitu kilichotengenezwa na vibarua wenyewe kwa hiari ya mioyo yao, wakakiweka palepale walipotoa jasho.

Lakini kuna picha za Kijapani ambazo zilifika kwetu kwa kweli, tena kwa wingi, ila hazikuja kwa karatasi. Mikataba ya bonde la Kongo, iliyoanzia Berlin mwaka 1885 na kutengenezwa upya mwaka 1919, iliwakataza watawala wa sehemu zetu kuzibagua bidhaa za taifa moja kwa ushuru, na Wajapani wakaitumia nafasi hiyo barabara: mwaka 1926 kampuni ya meli ya Osaka Shosen Kaisha ilianza safari za kawaida kuja Afrika ya Mashariki, na mwaka 1932 ubalozi mdogo wa Japani ukafunguliwa Mombasa. Nguo za pamba za Osaka zikajaa madukani hata vita vilipozikatiza, na baada ya vita zikarudi, na miongoni mwake zilikuwamo kanga zilizochapwa Japani kwa ajili ya wanawake wa pwani na bara. Hazikuchapwa kwa ubao wa mcheri, kwani viwanda vilikwisha kuwa na mashine zake. Hata hivyo, mwenye kuijua karatasi ya Hoeido hawezi kuitazama kanga bila ya kuona undugu. Kanga ina pindo, ina mji, ina jina. Karatasi ya Edo ina ukingo wake, ina mandhari yake, ina kibao cha anwani kando. Kanga ya Mombasa hubeba alama ya mfanya biashara aliyeiagiza, kama ile ya Kaderdina Hajee Essak, duka lililoanza mwaka 1887 na ambalo nguo zake hujulikana kwa maneno Mali ya Abdulla. Karatasi ya Edo hubeba muhuri wa mchapishaji wake. Vyote viwili vilikuwa bidhaa za bei ndogo, zilizobadilika upesi kufuata matakwa ya mjini, na wanunuzi wake walikuwa na neno la kusema juu ya kipi kichapwe, maana kanga isiyopendwa hubaki rafuni ikala vumbi. Kwa hivyo tusiseme kwamba watu wetu hawakuwa na sanaa ya chapa. Walikuwa nayo, wakaivaa, ikachakaa miilini mwao na kuishia kubebea watoto na kufutia meza, na sanaa inayochakaa kwa kutumika haiingii upesi katika majumba ya makumbusho. Karatasi za Edo nazo zilitumika hivyohivyo, zikabandikwa kwenye viwambo na kutupwa, mpaka wageni wa Ulaya walipoanza kuzilipia fedha nyingi. Mwaka 1887 Vincent van Gogh alikaa Paris akiinakili kwa rangi za mafuta picha ya Hiroshige ya mwaka 1857, ya watu wanaokimbia mvua ya ghafla juu ya daraja la mto Sumida.

Tokaido ya zamani haikudumu. Mwaka 1868 serikali ya Tokugawa ilianguka, mwaka 1870 mashua ziliruhusiwa katika mto Oi, na hamali wakaachwa bila ya kazi waliyoirithi kwa baba na babu. Baadhi yao walipewa ardhi kavu ya uwanda wa juu wa Makinohara, ng'ambo ya mto, wakaungana na maaskari wa zamani wa Tokugawa ambao nao walikuwa wamepoteza bwana wao, wakavunja magugu wakapanda chai. Mashamba hayo yangali miongoni mwa makubwa ya nchi ile. Mtu wa Mai Mahiu hana haja ya kuelezwa habari ya chai, kwani huko juu ya genge, Limuru, ndiko chai ilikopandwa kwa mara ya kwanza katika Kenya mwaka 1903. Mwaka 1889 reli ya Tokaido ilikamilika, na vituo ambavyo garimoshi halikusimama vikapungukiwa na watu. Picha nazo zikashindwa na kamera na mashine za kuchapia, hata mwanzo wa karne ya 20 Watanabe Shozaburo alipowakusanya tena mchoraji, mchongaji na mpiga chapa, na kumpata Kawase Hasui, ambaye hadi alipofariki mwaka 1957 alizunguka nchi nzima akichora mito, mvua na madaraja, na mara nyingi mtu mmoja tu mwenye mwavuli. Tetemeko la Septemba 1923 lilizichoma mbao zote za duka la Watanabe pamoja na vitabu vya michoro vya Hasui. Wakaanza upya.

Maji ya Mai Mahiu hayana utulivu wa mto Sumida. Mifereji itokayo gengeni hukaa mikavu sehemu kubwa ya mwaka, mchanga wake ukichotwa na malori, na mvua ikija hujaa kwa saa moja. Mwezi wa Machi 2018, baada ya mvua kubwa, ardhi ilipasuka karibu na Suswa na ufa ukaikata barabara ya Mai Mahiu hadi Narok, magari yakasimama pande mbili, na wachuuzi wakafika mara moja, kama Shimada na Kanaya siku ya mto kufungwa. Alfajiri ya tarehe 29 Aprili 2024 msiba ulikuwa wa namna nyingine kabisa. Maji yaliyokuwa yamejikusanya nyuma ya tuta la reli kule Old Kijabe, mahali ambapo njia yake ya chini ilikuwa imezibwa, yalifumuka kwa ghafla, yakateremka na mawe na magogo juu ya kijiji cha Kamuchiri na makao mengine, na makumi ya watu wakafa vitandani mwao. Picha zilizotoka siku ile zilikuwa picha za habari, za magari yaliyopinduka na mabati yaliyokunjika, na kazi yake ilikuwa ya lazima. Lakini mahali pale kabla ya tarehe ile, pamoja na nyumba zake, mabustani yake ya sukuma wiki na njia ya watoto waendao shule, hapakuwahi kuchorwa na mtu, na sasa hapachoreki tena.

Ufundi wenyewe hatuukosi. Peterson Kamwathi, mzaliwa wa 1980, amechonga mbao na kuzipiga chapa Nairobi kwa nguvu ambayo mtu hawezi kuidharau, na Fred Mutebi wa Uganda amezichapa picha za ubao za rangi nyingi kwa miaka mingi. Lau ningekuwa na mtaji wa Takenouchi, ningewatafuta mafundi vijana wa Nakuru na Naivasha, niwaombe mfululizo wa karatasi za njia ya chini, kutoka Rironi hadi ziwa Naivasha: wauza ngozi za kondoo katika ukungu wa asubuhi, utingo akilala chini ya lori lake, kanisa la mateka, punda wa maji wakingoja zamu kisimani, mto mkavu wa Ewaso Kedong, mto huohuo umejaa, stesheni ya reli mpya iliyofunguliwa mwaka 2019 uwandani, njia panda ya Narok usiku. Ningetaka karatasi moja isizidi bei ya sahani ya pilau katika hoteli za hapo, na ziuzwe dirishani mwa magari pamoja na mahindi. Na ya Kamuchiri ningeomba ichorwe kwa masimulizi ya waliobaki, mmoja mmoja akielekeza palipokuwa na mlango wake.